Selestini Aliyeufungia Umati Nje

Nimeishi na watu wenye wivu katika miji mingi. Lubumbashi nilipanga chumba kwa fundi redio aliyekuwa akipita kila asubuhi mbele ya kibanda cha mwenzake kuona redio ngapi zinasubiri matengenezo, kisha anarudi nyumbani bila hamu ya chai. Lakini wivu wa Selestini Luhaga wa Bariadi ulikuwa na msimu, kama pamba. Mavuno yakishauzwa ulipanda. Mvua za kwanza zikinyesha ulitulia, akawa mtu mpole anayesaidia wateja wake kujaza barua za maombi ya kazi.

Sababu ilikuwa ngoma. Usukumani wachezaji wamegawanyika pande mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu, na mashindano yao hayana jaji. Makundi mawili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, yakatazamana, yakapiga ngoma kwa pamoja, na watu huenda wanakopenda. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mtu anayekulia katika mchezo wa namna hiyo hujifunza kucheza huku jicho lake liko kwa wengine. Selestini alizaliwa Bagalu kama alivyozaliwa Mkatoliki, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili angeliacha kwanza.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Shishiyu. Ujana wake aliumalizia kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika, akipima pamba za watu. Miaka ya tisini, wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, walikuja na malori yao na mizani yao, na ule mzani wa chama ukabaki kukaliwa na kuku. Selestini akahamia kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa na kinu cha kuchambua pamba Bariadi, na huko ndiko alikokutana na kompyuta. Alijifunza haraka. Karani aliyekaa naye chumba kimoja alikuwa anachapa bila kutazama vidole, na Selestini hakuweza kula vizuri mpaka naye alipoweza.

Nilipomfahamu, mwaka 2007, alikuwa na kafe yake ya intaneti karibu na stendi, yenye dishi juu ya bati na kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Nilikuwa nakwenda pale kusoma barua zangu, na kwa sababu barua zilifunguka polepole, niliona mengi.

Selestini alikuwa meneja wa kundi la Radi ya Bagalu. Upande wa pili, Bagika waliongozwa na Joyness Salu, mama Kulwa, fundi cherehani mwenye sauti iliyoweza kuvuka uwanja bila kipaza sauti. Kafe nyingine mjini haikuwepo. Kwa hiyo adui wa Selestini alikuwa pia mteja wake, na alipenda kiti cha katikati.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya la kugombea. Lamadi, pale barabara kuu inapopita kati ya ziwa na Serengeti, ilifunguliwa kambi ya watalii. Msimamizi wake, Gloria, alitafuta kundi moja la kucheza pale kiangazi chote. Wenye kambi walikuwa Ulaya, basi aliwaambia viongozi wote wa ngoma maneno yale yale: "Nipeni anwani ya tovuti yenu. Wakubwa wataangalia, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitawapigia simu."

Joyness ndiye aliyetangulia. Alifungua ukurasa wa bure, ule ambao unapewa jina refu kama gari moshi na matangazo ya viatu yanawakawaka pembeni. Picha zilikuwa mbili, moja imepinda. Lakini ulifunguka.

"Mwadila, mzee Luhaga," alimsalimia kwa Kisukuma akiwa bado anautazama. "Njoo uone Bagika wamefika Ulaya."

"Naona viatu."

"Viatu vinatangulia, miguu inafuata. Ninyi mko wapi?"

Siku ile ile Selestini aliapa kwamba yeye hatakuwa mpangaji kwenye tovuti ya watu. Bagalu watakuwa na jina lao wenyewe. Akanunua jina kwa kampuni moja ya nje, na nafasi ya kuhifadhi mafaili kwa kampuni nyingine ya Dar es Salaam, akidhani vitu hivyo viwili vitatafutana vyenyewe. Havikutafutana. Aliandika jina lake kwa fahari, likaja tangazo la wale waliomuuzia. Ilibidi arudi kwao na kuandika, mahali panapohusika, anwani za seva, yaani mitambo ya kuhifadhi mafaili, za Dar, ili mtu akiuliza jina lile aelekezwe mafaili yaliko. Hilo nalo husambaa taratibu, kwa sababu mitambo mingine hupata habari mapema na mingine hushikilia ya zamani kwa muda. Bariadi jina likaanza kufika lilikotakiwa. Shemeji yake aliyekaa Nyalikungu, kule Maswa, akapiga simu kusema yeye bado anaona tangazo.

"Ni dawa," Selestini alitangaza. "Bagika wamefunga njia ya Maswa."

Mkewe, Philomena, alikuwa anafagia. "Wangekuwa na dawa ya intaneti," alisema, "Joyness angeanza kwa kuondoa vile viatu."

Kesho yake Maswa nako kukafunguka, na dawa ikasahauliwa. Ndipo Selestini alipopakia mafaili yake, akasimama nyuma ya kompyuta ya mlangoni na kuita watu waje kuona. Bahati mbaya Joyness alikuwa kwenye kiti chake, na kwa kuwa aliisikia anwani ikitajwa kwa sauti, aliiandika na yeye.

Picha kubwa ya wachezaji wenye majembe, aliyoiandaa kwa ukurasa wa kwanza, haikuja. Ilikuja orodha tupu ya majina ya mafaili, moja chini ya jingine: mwanzo, picha, picha ya pili, wimbo mpya. Ukurasa wake wa kwanza alikuwa ameuita "mwanzo", kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Lakini seva haikujua Kiswahili. Ilitafuta ukurasa uitwao "index", haikuuona, ikaamua kumwagia wageni kila kilichokuwa ndani.

"Uuu, baba!" Joyness alipiga kofi. "Umeanika mpaka nguo za ndani. Na wimbo mpya upo? Ngoja niusikie kidogo."

Wimbo mpya wa kundi haufanyiwi mzaha. Mtunzi huufundisha mbali na masikio ya watu, na upande wa pili ukiupata kabla ya siku ya uwanjani, utaingia ukiwa na jibu tayari. Selestini aliupakia ili Gloria ausikie. Sasa mshale kwenye skrini ya Joyness ulikuwa unatambaa kuuelekea. Selestini aliruka viti viwili, akafika ukutani, akashusha swichi kuu.

Giza halikuwepo maana ilikuwa saa nane mchana, ila kompyuta zote zilizimika kwa pamoja, na kijana aliyekuwa anaandika barua kwa mchumba wake akapiga ukelele.

"Umeme umekatika!" Selestini alisema.

Ng'ambo ya barabara, redio ya kinyozi iliendelea kuimba.

"Kinyozi anavuta umeme wa nchi gani?" Joyness aliuliza.

Kafe ilipobaki tupu, Selestini alirudisha swichi na kukaa peke yake na programu ya kupeleka mafaili Dar. Aligundua kwamba kila faili lina ruhusa zake: za mwenyewe, za kundi lake na za watu wote. Alitoa alama za ruhusa moja baada ya nyingine, kuanzia folda kubwa hadi picha ya mwisho, mpaka hakuna aliyebaki na ruhusa ila Selestini Luhaga. Kisha akafungua ukurasa kupitia programu ile ile, kwa neno lake la siri. Picha ya majembe ikaja, safi kabisa. Akaniambia kwamba sasa Bagalu wako salama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliagiza soda mbili, moja yangu.

Wiki ya mwisho wa mwezi Gloria alipiga simu. Selestini aliweka spika ili kila mtu asikie mafanikio yake.

"Mzee Luhaga, tovuti yako inatuambia hatuna ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Yako, nadhani."

"Kwangu inafunguka!"

"Kwetu haifunguki, na Ulaya haifunguki. Ya mama Kulwa wameshaiona. Ijumaa naamua kwa nilichonacho, baba, nisamehe."

Alikata. Selestini alivaa kofia yake, akavuka barabara mpaka kwenye baraza aliyoshonea Joyness. Nilimfuata kwa sababu niliogopa kitatokea kitu. Alisimama mbele ya cherehani.

"Umefanya nini kwenye tovuti yangu?"

Joyness alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa taratibu. "Mzee, tangu unizimie umeme sijaigusa. Twende tukaangalie."

Tukarudi wote watatu. Joyness alikaa kiti chake cha katikati, akafungua kwanza ukurasa wake, viatu vikawaka. Kisha akaandika anwani ya Bagalu. Ulikuja mstari mmoja wa Kiingereza kwenye ukurasa mweupe. Selestini aliinama akausoma, akausoma tena. Hakuwahi kuuona.

"Umekatazwa," Joyness alimtafsiria.

"Mimi?"

"Wewe, mimi, na Wazungu wa Gloria. Wote. Nimecheza ngoma tangu sina meno, sijaona kundi linaloingia ndani, linafunga mlango, linapiga ngoma, halafu linauliza watu wamekwenda wapi."

Alisema hivyo akicheka, lakini Selestini hakucheka. Alikwenda nyuma ya kaunta, akapiga simu kampuni ya Dar. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Kristofa.

"Mzee, ukiufungua unaingia kwa neno la siri?"

"Ndiyo. Ni mali yangu."

"Basi ndiyo maana unauona. Wewe unatazama kama mwenye nyumba. Jaribu kutazama kama mpita njia, bila neno la siri. Umempa nani ruhusa ya kusoma?"

"Mimi."

"Na seva yenyewe?"

"Seva ni ya Bagika?"

"Sijakuelewa, mzee. Seva ndiyo inayochukua ukurasa na kumpelekea mgeni. Ukiizuia kusoma, itampelekea nini? Watu wote wape kusoma. Kuandika baki nako peke yako. Hakuna atakayebadilisha neno. Huo ukurasa wa kwanza uite 'index', orodha haitaonekana tena. Na kama kuna kitu cha siri, kitengee folda yake, hiyo ndiyo ufunge."

"Hao watu wote," Selestini aliuliza, akimtazama Joyness pembeni, "haiwezekani kuwa wote isipokuwa baadhi?"

"Kwa hapa, mzee, wote ni wote."

Alikaa mbele ya ile programu muda mrefu, na Joyness hakuondoka. Wimbo aliutoa kwanza, akaufungia kwenye folda yake. Akabadilisha jina la ukurasa. Akarudisha alama za kusoma, moja moja, na kila alipobonyeza alivuta pumzi kama mtu anayetolewa mwiba. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Jaribu sasa."

Joyness alijaribu. Majembe yakajaa skrini.

"Hm," alisema. Akasogeza ukurasa chini akisoma kwa makini, uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamwona anarudi juu kutazama jina lile fupi, la Bagalu wenyewe, lisilo na viatu. Akachukua mkoba wake akaenda zake bila kuaga.

Ijumaa Selestini hakuweka spika. Philomena aliweka.

"Wakubwa wamesoma," Gloria alisema. "Wameipenda. Ila wana swali. Umeandika aya tatu, na mbili ni za hao Bagika. Jinsi wanavyoiga, wanavyokimbiwa na watu, yule mama anavyolia badala ya kuimba. Sasa wanataka kuwaona."

"Hao si watu wa kuonwa, dada."

"Mbona umewaandika kuliko ulivyojiandika? Mzee, nawataka wote wawili, mkitazamana, kama mnavyofanya huko. Kundi moja lisingenitosha, nimelielewa hilo kwako. Na nataka anwani moja, yako. Ile ya viatu wakubwa hawaitaki."

Alipokata simu, Selestini aliketi kwenye kreti la soda.

"Umeipata Lamadi," Philomena alisema.

"Nimepata nusu."

"Juzi ulikuwa na ngapi?"

Jumatatu Joyness alikuja. Habari ilikuwa imemfikia, na nadhani alikuwa amefanya mazoezi ya uso wa kuja nao, kwa sababu haukuonyesha shukrani wala ushindi. Selestini alimtengenezea folda ndani ya tovuti ya Bagalu, akaiandikia jina la Bagika kwa kidole kimoja, yule aliyejifunza kuchapa bila kutazama. Akampa neno la siri la folda hiyo tu, na ruhusa ya kusoma, na baada ya kusita, ya kuandika.

"Itakuwa chini ya ukurasa wetu," alisema. "Mtu anaanza kwetu."

"Iweke hata uvunguni, baba. Wakishamaliza kuwatazama watakuja."

"Na huwezi kugusa folda yetu."

"Nina kazi nyingi mimi. Sogea, unanikalia kiti."

Selestini alisogea. Joyness alipandisha picha moja, ile iliyopinda, akiwa ameinyoosha, akaandika chini yake maneno ambayo hakutaka tuyaone mpaka amalize. Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Selestini alingoja mpaka alipovuka barabara. Akakaa kwenye kiti cha katikati, kikiwa bado na joto, akausoma ukurasa wa Bagika hadi mwisho, akafungua wake, akafuta zile aya mbili alizowasema Bagika. Nikadhani amekubali yaishe. Akaanza kuziandika upya, kali zaidi, akitafuta neno, akilifuta, akitafuta jingine. Wateja wawili walisubiri mlangoni, na yeye hakuwaona.