Lori la Mchanga Halirudi Tupu

Jumamosi nilikuwa kwenye mto mkavu karibu na Kwa Vonza, nikingoja zamu yangu kwenye shimo tunalochimba mchangani kupata maji. Lori linalobeba mchanga wetu kwenda jijini likaja kinyumenyume hadi ukingoni mwa shimo, limejaa takataka za huko: nepi, maganda, chupa.

Mama aliyekuwa akiteka maji hakutoka shimoni. Aliketi humo ndani, mtungi mapajani.

"Mama, toka nimwage," dereva akasema, akigonga mlango wa lori kwa vidole.

"Mwaga tu. Halafu uniambie watoto wangu watakunywa nini jioni."

"Kwani ni mimi nilichafua?"

"Ni mimi?"

Vidole vikatulia. "Sasa nipeleke wapi?"

Jiji zima limemwachia dereva mmoja swali hilo. Kutenganisha maganda na nepi mlangoni kwa kila nyumba kumewashinda wakubwa wa jiji, lakini njia ya mtoni kwetu wanaijua vizuri.

Dereva aliondoka na mzigo wake, nasi tukapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa akitazama lori likishika barabara ya kupanda mto, kule maji yetu yanakotoka.