Gari la Baba Lilizima Kilimani, Nikamwita Kaka Mwongo

Lile gari lilizima lenyewe, likakaa nusu saa, likawaka lenyewe. Ndani ya hiyo nusu saa, mama yangu alikata roho kwenye kiti cha nyuma.

Hivyo ndivyo alivyosema kaka yangu. Na mimi, mbele ya ukoo mzima, nikamwita mwongo.

Soma mpaka chini ndipo unitukane. Sababu utazipata za kutosha.

Mimi ni fundi magari. Niliacha shule mapema nikaingia gereji, na mama ndiye mtu pekee ambaye hakuona aibu. Alichukua ovaroli yangu ya kwanza, ya bluu, akatarizi neno moja kwa uzi mweupe kwenye mkono: FUNDI.

"Ili wajue wa kumwita," akasema.

Nikavimba kichwa. Kuanzia hapo, nyumbani kikiharibika chochote, hata pasi, neno la mwisho lilikuwa langu.

Kaka yangu mkubwa tulimwita Chelewa. Shule alichelewa, kazi alichelewa, hata harusi yake bibi harusi ndiye aliyefika kwanza akamsubiri. Halafu alikuwa na tabia ya kupitia mahali kupata moja baridi. Hiyo moja ilikuwa inazaa.

Siku ile mama alibanwa na pumu, mchana kweupe. Macho ya baba hayakuwa ya kuendesha tena. Mimi nilikuwa kazini. Chelewa akampakia mama kwenye gari la baba, zee kuliko mimi, wakatoka wawili tu. Hospitali ni dakika ishirini, unapanda kilima kimoja kirefu.

Walifika baada ya saa nzima. Mama alikuwa ameshakwenda.

Jioni ile ukoo ukakaa uani. Watu thelathini na moja. Najua idadi kwa sababu nimewahesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

"Lilikohoa katikati ya kilima, likazima," Chelewa akasema. "Nikapiga stata mpaka basi. Nikapunga mkono, magari yakanipita. Nilipojaribu tena likawaka, kama halijawahi kuzima."

Baba akanigeukia. "Fundi, kalitazame."

Nikaenda. Nikazungusha ufunguo, likawaka hapo hapo. Nikaliacha lingurume dakika kumi, limesimama tu uani. Sikugusa hata chujio la mafuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua kabla sijafungua boneti.

Nikarudi, nikasema maneno ambayo nitazikwa nayo.

"Gari halina ugonjwa. Mwenye ugonjwa ni dereva."

Watu wakaguna. Shangazi akajifunga kitambaa kichwani, akamalizia, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Leo tumemkuta mama si wetu."

Chelewa alinitazama mimi, si shangazi.

"Wewe unajua magari kuliko mimi, mdogo wangu. Lakini mimi nilikuwepo."

Baba hakumsemesha siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka anaingia kaburini.

Miaka saba ilipita hivyo. Gari likabaki nyuma ya nyumba, hakuna aliyetaka kulikalia. Mwaka huu tulipomzika baba, Chelewa alifika kabla ya watu wote, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla hatujatawanyika. Mara ya kwanza maishani mwake kuwahi, na hakuna aliyemtania.

Baada ya miezi mitatu shangazi akanipigia simu. "Liondoe hilo gari lako, linazaa panya."

Nikaamua kulifufua.

Kazi haikuwa ya kitoto. Petroli ya miaka saba ilikuwa imegeuka kama vanishi, ina harufu ya rangi iliyochacha. Mipira ya mafuta ilivunjikia mkononi. Pampu ilikuwa imekauka utando wake. Kabureta nililifungua lote mezani, nikaloweka vipande, nikazibua vitundu kwa waya mwembamba na upepo. Nikaweka chujio jipya.

Tangi nililimwaga tu kwa chini. Kulishusha ni kulala mgongoni na kutukanana na bolti zenye kutu, nikaona ya nini. Nikatia petroli mpya, nikapiga stata.

Likawaka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikalitoa barabarani. Tambarare linateleza safi. Nikafika kwenye kile kilima, nikakanyaga mafuta.

Katikati ya kilima likakohoa. Likazima.

Nikapiga stata. Wapi! Nikafungua boneti, nikachomoa mpira wa pampu, hauna hata tone. Tangi lina mafuta, juu hayafiki. Magari yananipita, watu wananiangalia kama wanavyoangalia mlevi.

Nikakaa ndani nikatazama saa. Sikutaka, lakini nilitazama.

Dakika ya ishirini na nane nikajaribu tena. Likawaka, kama halijawahi kuzima.

Nilishindwa kuingiza gia. Nilikuwa nasikia sauti ya kaka yangu, neno kwa neno.

Kesho yake asubuhi nililala mgongoni nikashusha tangi. Nikalitikisa, kuna kitu laini kinagonga ndani. Nikaingiza waya mdomoni, nikavuta taratibu.

Kikatoka kitambaa.

Hapo nikaelewa yote. Gari likidai mafuta mengi, kama kilimani, kitambaa kinavutwa mpaka kinaziba mdomo wa bomba linalonyonya mafuta. Injini inakufa. Mvuto ukiisha, kinalegea polepole, kinaelea zake pembeni. Ukija na makeke yako ya ufundi na kuliwasha limesimama uani, hukioni.

Nikakikamua, nikakikunjua juani. Rangi ilikuwa imeondoka. Uzi mweupe ulikuwepo bado.

Herufi tatu: NDI.

Mwezi mmoja kabla ya kifo cha mama, baba alikuja gereji, kaendeshwa na jirani, kapoteza mfuniko wa tangi. Nilikuwa na haraka. Ovaroli yangu ya zamani tulishaichana kufutia mikono, nikachukua kipande, nikakishindilia kwenye mdomo wa tangi kwa bisibisi.

"Hii ya muda tu, mzee. Kesho nakuletea mfuniko."

Kesho ya fundi mnaijua. Baada ya wiki tatu baba akaniambia, "Mfuniko nimenunua mwenyewe." Nikajibu, "Safi." Sikuuliza kitambaa kiko wapi. Kumbe kilishatumbukia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliziba, na ukuta nikajenga.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Chelewa, kitambaa nimekitia kwenye chupa. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikaongea mpaka nikaishiwa. Nikalia. Nikapiga magoti.

Alikitoa kile kitambaa kwenye chupa. Akagusa uzi kwa kidole.

"Mwandiko wa mama," akasema.

Kisha akakirudisha ndani, akanipa chupa.

"Uliniita mwongo mbele ya watu thelathini na moja. Leo unakuja kunisafisha jikoni kwangu, tukiwa wawili?"

Nikaondoka na chupa yangu.

Nikaitisha ukoo. Uani pale pale, kwenye mabenchi yale yale. Tisa wameshakufa, baba akiwemo, na hao wamekwenda wakiamini neno langu. Waliobaki nikawaonyesha chupa, nikasema yote. Shangazi alitoka bila kuaga.

Nilimwekea Chelewa kiti mbele. Tulimsubiri mpaka jua likazama.

Mtu mmoja akajaribu utani: "Kachelewa tena." Hakuwa amechelewa. Hakutaka kuja, na haki anayo.

Ndiyo maana naandika hapa, ili wajue hata wale ambao habari ya Chelewa iliwafikia kwa kusikia.

Mafundi wenzangu, hakuna kitu kinachoitwa "ya muda tu". Ulichokishindilia leo kitamzimia mtu njiani, na huyo mtu atakuwa na mama yake nyuma. Na wewe usiye fundi, kabla hujamhukumu ndugu yako kwa jina la utani mlilompa wenyewe, shusha tangi kwanza.

Kitambaa ninacho hapa mezani. Mama alitarizi lile neno ili wajue wa kumwita.

Basi, niiteni mimi.