Sifuri za Mwalimu Hagopian

Vartan Hagopian anafundisha aljebra katika shule yetu ya sekondari hapa mjini Fresno, chumba kinachopakana na changu. Sheria yake ilikuwa moja: kazi ya nyumbani iwe mezani kabla kengele haijanyamaza, la sivyo sifuri. Hakuangalia uso wa mtu. Tulimheshimu kwa hilo, ingawa kula naye chakula cha mchana kulichosha.

Mwaka mmoja bodi ya shule ikaleta mpango mpya: sifuri zifutwe, kazi ya nyumbani isihesabiwe, aliyeanguka mtihani aurudie. Walimu tukagawanyika. Hagopian akaenda kwenye mkutano wa hadhara, akashika maikrofoni.

"Mnataka kugawa alama kama peremende! Alama ni ukweli."

Aliyemfuata alikuwa Lucha Barragán, mama wa Yesenia, mwanafunzi wa Hagopian wa mwaka wa mwisho. Yesenia alikuwa amefeli aljebra, na bila aljebra hapandi jukwaani siku ya mahafali. Jioni alilea wadogo zake mama akiwa kazini. Kazi za nyumbani hakuzigusa.

"Mista, binti yangu aljebra anaijua au haijui?"

"Anaijua. Kwenye mitihani hakuna anayemfikia."

"Sasa hiyo F ni ya nini? Mbona mtoto wa jirani yangu ana B? Kaniambia mwenyewe, alikuletea maboksi ya tishu ukamwongezea alama!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walimu sote tunafanya hivyo. Shule haitununulii tishu, na watoto wana mafua. Hagopian hakucheka.

Bodi ikaahirisha kura. Lakini alama ya mtoto hubadilishwa na mwalimu wake tu, kwa hiyo nikamwambia, "Mzee, badilisha hiyo moja ukalale."

"Nimpendelee mmoja? Nikibadilisha, nabadilisha za wote."

Akaanza kuzihesabu upya, mwanafunzi mmoja mmoja, bila tishu, bila kazi ya nyumbani. Roho iliniuma kumwona, ila haki ndiyo aliyokuwa akiitenda. Mahafali yakafika, yakapita, na yeye bado anapiga hesabu.

Alipomaliza nilimsindikiza kwenye ghala la kufungashia matunda ya pichi, ambako Yesenia na mama yake walikuwa na kibarua. Wakatoka na aproni zao.

"Umefaulu," alisema Hagopian. "Una A."

"Asante, Mista."

Lucha akajifuta mikono. "Bibi yake alipanda basi toka Michoacán, ng'ambo ya mpaka, aje amwone na joho. Tukamdanganya kwamba mtoto anaumwa. Jana karudi kwao."

"Naweza kuwaomba shuleni wamfanyie kasherehe," Hagopian akasema. "Hata mwakani, bibi akija tena."

"Usijisumbue, Mista," Yesenia akamjibu, wala hakuwa na hasira. "Macho ya bibi yanakufa. Mwakani hataona kitu."