Kila Kiti na Alama Yake

Nilimpenda mzee yule, lakini jamani, alinichosha! Alikuwa mtu wa Georgia, ile nchi ya kwao Tbilisi, si hili jimbo jirani na Florida. Maisha yake yote alibuni majukwaa ya tamthilia, kwanza kwao, kisha hapa Houston. Mimi nilikuwa mlezi wake, nikienda kila siku nyumbani kwake mtaa wa Alief. Nikimaliza kupiga deki, yeye anapiga magoti kubandika utepe mnene sakafuni, tabaka juu ya tabaka, kila mguu wa kiti na kipande chake.

"Mzee, sakafu imekuwa suruali ya viraka!"

"Usiguse. Jukwaani taa zikizimwa, mwigizaji anapita kwa alama."

"Hapa kuna mwigizaji gani? Ni mimi na wewe na sufuria ya makande."

Nikabandua. Akabandika. Nikabandua tena, mpaka siku alipojigonga kwenye kabati nililolisogeza mwenyewe. Akanishika mkono, akaniambia macho yamekwisha, nisimwambie binti yake. Binti alikwisha kuapa: baba akidhoofika tu, anampeleka nyumba ya wazee. Ningefanyaje? Nikawa nanunua utepe mimi.

Jumapili moja binti akaja kutoka Fort Worth. Mzee akamfungulia mlango mwenyewe, nyayo zikipapasa utepe, akampitisha sebuleni, akaenda jikoni kumletea zabibu. Nikasema moyoni, leo tumevuka. Kumbe binti, kwa mapenzi tu, kavuta kiti cha baba yake wakae karibu. Mzee akaweka sahani, akageuka, akakalia hewa.

Nikamdaka kwapani kabla hajafika chini. Binti akanitazama mimi.

"Haoni?"

"Utelezi tu," mzee akadakia. "Huyu mama anapiga deki vibaya."

Ama kweli! Yaani lawama zote kwangu! Binti akapunga mkono mbele ya uso wa baba yake, na mzee akaendelea kulalamikia sabuni.

Sasa yuko nyumba ya wazee huko Fort Worth. Nimewapigia simu wale watu mpaka wamenichoka. Kila asubuhi wanasafisha, wanasogeza viti, na utepe wanasema ni uchafu. Hasira zinanipanda! Zamani mzee alinigombeza mpaka chai ikapoa. Juzi nikamuuliza kwa simu siku hiyo ametembea mpaka wapi.

"Nasubiri waje wanibebe," akasema, kwa adabu kabisa.