Fimbo za Gofu Kutoka Chumba cha Taka

Mimi ni mtu wa kupanga. Mke wangu husema nikifa leo, kesho nitaamka kuhakikisha jeneza limefungwa sawasawa. Nimepanga harusi za ndugu, ubatizo, na mazishi ya watu waliofia ugenini. Lakini hakuna kilichonitoa jasho kama safari ya siku moja tu, ya kwenda kucheza gofu nje ya Stockholm, mchezo ambao sikuujua na, nikisema kweli, sikuupenda. Kwetu Moshi uwanja wa gofu ulikuwa ua tu tuliopita nje yake tukienda shule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimekuja kusomea ufundi wa simu, masomo yakaisha, kazi ikapatikana, nikabaki. Tulikaa Fittja, kwenye maghorofa ambayo saruji yake ilikuwa bado inanukia. Mke wangu alihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Binti yetu alikuwa na miaka minne, na alikwisha kutupita wote wawili kwa Kiswidi.

Siku moja watu wa kanisa wakatuletea mgeni. Alikuwa Mganda wa makamo yaliyoanza kupinda, mkimbizi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama kule Jinja. Walituambia ni wiki mbili tu, kwa kuwa hajui Kiswidi na sisi tunaongea Kiswahili. Hawakujua kwamba kwa watu wengi wa kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na yeye alikiongea kama mtu aliyeazima viatu. Hata hivyo wiki mbili zikawa mwaka. Tulimwita Mzee, naye akaniita ssebo, kama bwana mkubwa, hata pale niliponuka gundi ya nyaya.

Alipata kazi ya kufagia korido za hospitali. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha. Kila mwezi alipunguza maneno. Kufikia majira ya baridi alikuwa anarudi kazini, anakaa dirishani na koti lake mwilini, anatazama theluji mpaka aitwe kula.

Mwezi wa tatu ikaja barua kutoka kwa mpwa wake. Mambo yametulia, ilisema. Nyumba yako inakungoja, rudi. Mzee akaisoma mezani, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mwezi ya sita mimi narudi," akasema. "Tiketi nimeshaagiza."

Sisi tulimfahamu mtu aliyerudi kwa barua kama hiyo. Alikuwa akiishi Husby, Mganda mwenzake, fundi cherehani. Alionekana akishuka kwenye ndege Entebbe, na baada ya hapo hakuonekana tena. Nikamkumbusha Mzee habari hiyo. Nikamsihi. Siku ya tatu nikampigia kelele, mimi niliyelelewa kutompandishia sauti mtu aliyenizidi umri, nikamwambia anakwenda kujichinja mwenyewe.

"Ssebo," akanijibu polepole, "kufa nyumbani ni muzuri kuliko fagia hapa."



Jambo moja tu ndilo lililomwasha, nalo ni gofu. Wazungu walipolegeza milango ya klabu zao, yeye alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kuingia kucheza. Akianza habari za Jumamosi za Jinja, za uwanja ulio kando ya mto, alisimama katikati ya sebule yetu na kupiga mpira usiokuwepo. Alitueleza kwamba mpira ukiingia kwenye nyayo za kiboko, sheria inakuruhusu kuutoa na kuuweka pembeni bila adhabu. Mke wangu alicheka sana siku hiyo. Nikamwona Mzee naye akicheka, na wazo likanijia hapo hapo.

"Unataka kumwokoa mtu na kifo kwa kumpeleka kupiga kijimpira?" mke wangu aliniuliza jikoni.

"Una wazo lingine?"

Hakuwa nalo. Nikabandika karatasi kwenye mlango wa kabati, nikaanza kupanga.

Kwanza nilipiga simu kwenye uwanja mmoja ulioko kusini ya mji, nikaambiwa kwa adabu kubwa kwamba lazima niwe mwanachama au mgeni wa mwanachama. Nikapiga kwa wa pili, nikajibiwa vilevile kwa adabu kubwa zaidi. Nilikasirika mpaka nikaukata waya niliopaswa kuuunga. Msimamizi wangu kazini, Mswidi aliyekuwa akisema maneno kumi kwa siku, akaniuliza wakati wa kahawa nina nini. Nikamwambia yote, hata habari ya barua. Alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, akaondoka. Kesho yake akanijia.

"Shemeji yangu anakata majani kwenye uwanja wa gofu," akasema. "Jumanne asubuhi hakuna watu. Mashimo matatu ya nyuma. Njooni."

Mpaka leo sijui kama yule shemeji alikuwa na ruhusa ya kutukaribisha. Namshukuru, na ninamshukuru msimamizi wangu, ambaye siku ile alitumia maneno yake yote kwa ajili yetu.

Zikabaki fimbo. Chini ya ghorofa letu, jirani na chumba cha kufulia, kulikuwa na chumba cha taka kubwa, ambamo wapangaji waliacha makochi, taa na baiskeli walizochoka nazo. Nusu ya nyumba yetu ilitoka humo, na hatukuona aibu. Jumapili moja, zamu yetu ya kufua, nikaingia kuchungulia kama kawaida. Nyuma ya godoro ulisimama mfuko wa ngozi ya kahawia, na ndani yake fimbo saba za gofu na mipira michache. Nilipiga magoti pale kwenye saruji nikamshukuru Mungu, na sabuni mkononi.

Mke wangu alichomoa moja akaigeuzageuza. "Mbona kichwa chake kimekaa upande?"

"Ndivyo zilivyo," nikamjibu, kama mtaalamu. Nilijaribu kupiga soksi iliyokunjwa, nikaikosa mara tano, nikaamini kosa ni langu. Kisha nikauficha mfuko chini ya kitanda, kwa kuwa nilitaka Mzee azione fimbo siku ileile uwanjani. Tulimwambia tunakwenda kula chakula nje, majani yamechipua.

Asubuhi ya Jumanne hiyo tulikunywa uji mapema. Binti yangu alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, kama alivyofanya kila siku, nami nikakitoa nikakitia mkono wa kulia, kama nilivyofanya kila siku.

"Kan själv!" akapiga kelele, yaani naweza mwenyewe, neno ambalo watoto wote wa Uswidi hulijua kabla ya jina la baba.

Mwalimu wake wa chekechea alikwisha kuniambia nimwache, mtoto ana mashoto na si ugonjwa. Nilimjibu, kwa Kiswidi changu bora kabisa, kwamba kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo si mezani. Nilijiona nimelinda mila. Mzee alitazama kijiko kikihama, akashusha macho kwenye uji wake.

Tulipanda treni, kisha basi, na chapati, kuku wa kukaanga na chupa ya chai ya tangawizi. Fimbo nilizifunga kwenye blanketi. Yule shemeji alitupokea kwenye geti la nyuma, amevaa buti za kijani, akatuonyesha njia kwa kidole, akarudi kwenye mashine yake. Tulipita kwenye miti ya mibetula, na mbele yetu ukafunguka uwanja. Mzee akasimama. Alivua kofia yake, akapumua kwa kifua kizima.

Nikafungua blanketi kwa madaha. "Mzee, karibu Jinja."

Macho yake yalijaa machozi. Akachomoa fimbo, akaiangalia, akairudisha. Akachomoa ya pili, ya tatu, mpaka zote saba.

"Ssebo," akasema taratibu, "hii yote ni ya mukono wa kushoto."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kwamba wako wachezaji wachache wanaopiga kwa upande ule mwingine, na hutengenezewa fimbo zao, na mtu wa mkono wa kulia hawezi kuzitumia hata kidogo. Ndiyo maana vichwa vilikaa upande. Watu wazima wawili tulizishika fimbo zile, lakini tumetoka katika nchi ambazo hata kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana. Nani angewaza kwamba kuna kiwanda kizima kinauhudumia mkono huo?

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kubwabwaja, nitamkimbilia yule bwana, atakuwa na nyingine. Mzee aliniambia si kitu, asante sana, akaenda kukaa kwenye benchi na koti lake, vilevile kama alivyokaa dirishani. Niliona mwezi wa sita umekwisha kufika.

Ndipo binti yangu akauendea mfuko. Alivuta fimbo fupi kuliko zote, akaishika chini kabisa, mkono wake wa kushoto ukitawala, akaugonga mpira. Ulikwenda hatua tatu. Akaufuata akaugonga tena. Nikafungua kinywa nimkanye, mke wangu akanifinya mkono hadi nikafumba.

Mzee alimtazama muda mrefu. Alitazama nyuma, kulia na kushoto, kama mtu anayehakikisha hakuna mkubwa wake karibu. Kisha akavua koti, akalikunja, akalilaza juu ya benchi.

"Lete," akaniambia.

Alisimama mbele ya mpira, akaigeuza mikono. Alipiga, akapata hewa. Alipiga tena, akang'oa majani. Nikasogea nimshikie fimbo, sijui hata nilitaka kufanya nini.

"Kan själv," akasema Mzee.

Mara ya tatu tulisikia mlio mmoja mkavu. Mpira ukapaa, ukapita juu ya miti ya mibetula, ukaendelea kwenda tukiwa tumekwisha kuacha kuuona. Mzee aliuinua mkono wake wa kushoto akautazama.

"Jajja yangu alifunga hii mukono," akasema. "Bibi yangu. Na kamba ya ndizi, hapa, kwa mugongo. Kila siku mpaka niende shule. Halafu shule, mwalimu napiga na rula." Akaucheza kidogo, akifungua na kufunga vidole. "Gofu nimecheza miaka mingi na ya kulia. Nilikuwa mubaya, ssebo! Nilikuwa nawaambia nyinyi uongo. Banange, nilikuwa mubaya sana!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Sote tulicheka, na mimi nililia pia, sioni sababu ya kuficha. Alicheza mashimo yote matatu, akayarudia. Kwenye la mwisho mpira ulitumbukia kwenye alama ya kwato za älg, yule mnyama wa misitu ya huku mwenye pembe pana, mkubwa kuliko farasi. Mzee akauokota, akauweka pembeni, akatangaza kwamba sheria ya kiboko inatumika hata Uswidi.

Njiani kurudi alilala kwenye treni, fimbo mapajani. Habari ya tiketi hakuigusa, nami nikaogopa kuuliza.

Jioni, jua likiwa bado juu, tulikula wali uliobaki. Binti yangu akashika kijiko kwa kushoto. Naapa sikukusudia, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Kabla haujafika, Mzee alikuwa ameudaka juu ya meza, na aliubana kwa nguvu nisiyoijua kwake.

"Wacha," akasema. "Mutoto iko na mukono yake."

Nikasema nimesahau tu.

"Utasahau tena. Mimi najua." Akaniachia. "Basi mimi nitakaa hapa, nione hautafunga hii mutoto."

Mke wangu akainuka akaenda jikoni, na maji ya bomba yakafunguliwa kwa muda mrefu bila chombo kuoshwa. Kesho yake Mzee aliirudisha tiketi.

Alikaa nasi, halafu akapata chumba chake Akalla, akaendelea kufagia, na Jumanne zake zote za mapumziko alikuwa kwa yule shemeji, ambaye mwishowe alimpa kazi ya kumsaidia kukata majani. Baada ya muda tulisikia kwamba mpwa wake hakuiandika ile barua kwa hiari. Waliomwamuru walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake.

Utawala wa askari uliomkimbiza Mzee ulipoanguka, mwaka wa sabini na tisa, alirudi kwao kweli. Tulimsindikiza uwanja wa ndege, na mfuko wa kahawia begani kwake. Alimpa mkono mke wangu, akanipa na mimi, kwa mkono wa kulia, kama watu waliofunzwa adabu. Binti yangu, miaka tisa, akanyoosha wa kulia pia, kama alivyotuona. Mzee akaushusha ule mkono polepole, akauweka mfuko chini, akamnyooshea wa kushoto.