Udongo Laini wa Uwanja wa Farasi

Harufu ya jasho la farasi ikichanganyika na udongo mwekundu uliomwagiwa maji bado inanichefua. Nilipokuwa mdogo niliipenda. Baba alikuwa mtunza uwanja wa klabu ya farasi ya kampuni ya migodi hapa Kolwezi, na mashindano yalipokaribia alizunguka na fimbo ya chuma, akiichoma ardhini kwa uzito wake wote. Ikigoma, alimwaga maji. Ikizama mno, alihamisha viunzi vya kurukiwa na farasi. Kisha alikanyaga kwa kisigino na kufinya udongo kiganjani, taratibu, mpaka sisi watoto tukamcheka kwamba anachagua nyanya sokoni.

Waliopanda farasi walikuwa watoto wa mabosi, lakini dada yangu Mado, ambaye kila asubuhi aliwatembeza farasi wao, aliwazidi wote. Mama mmoja wa klabu akamruhusu kushindana kwa farasi wake mweusi. Akiruka bila kuangusha mti wa kiunzi hata mmoja, angechukuliwa kwenda Lubumbashi na timu. Nyumbani hatukuongea kitu kingine, na Mama alimshonea suruali kutokana na koti kuukuu la Baba.

Kiangazi kile kilikausha kila kitu, maji ya bomba yakakatika, na fimbo ya Baba ikagoma uwanja mzima. Farasi akitua kwenye ardhi ngumu namna ile anaharibika miguu. Hatimaye, karibu na senyenge, fimbo ikaingia vizuri. Baba akakanyaga, akafinya, akatabasamu.

“Hapa udongo iko muzuri,” alisema. “Mado atashukia hapa.”

Mjomba Kazadi, kaka yake Mama, aliyekuwa akimsaidia kubeba viunzi, alitazama chini. “Ndiyo, shemeji,” akajibu. “Iko muzuri.”

Mado aliruka mbali kuliko wote, akapita alama za kwato za wengine. Farasi alipotua pale alipopachagua Baba, ardhi ikabonyea, miguu ya mbele ikazama hadi magotini, akapinduka juu ya dada yangu. Farasi alipigwa risasi palepale. Nyonga ya Mado ilivunjika na kuunga vibaya. Baba alifukuzwa kazi, ingawa hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kumwona mwanawe akichechemea na ndoo ya maji. Kila alipomwona hivyo, aliinuka akaingia ndani. Alikufa akiamini kwamba mkono wake ndio uliokosea.

Ni kwenye matanga yake ndipo Mjomba Kazadi, akiwa amelewa, alipofungua kinywa. Lilikuwa shimo lake. Alichimba pale kwa siri akitafuta madini, akakosa, akafukia na kushindilia udongo juu. Angesema, angefungwa.

“Sasa mi ningefanya nini?” alituuliza, na wapo waliomwonea huruma. Mimi nilitamani kumtoa nje kwa kumburuta.

Leo uwanja ule ni mashimo matupu, na kule mtaa wa Kasulo watu wamechimba madini hadi chini ya vitanda vyao. Wapimaji hawakosekani, wana mashine na magari, ila wanachotaka kujua ni thamani ya kilichomo ndani. Kama ardhi hiyo itambeba mtoto, hakuna anayeuliza tena.

Mado anasema amesamehe. Jumapili baada ya misa Mjomba huja kula kwetu, na ni Mado anayeinuka, akijishikilia ukutani, kumpelekea bukari, ugali wetu, na maji ya kunawa. Mimi hutoka nje mpaka amalize kula.