Mizani ya Haji Muuza Vitunguu

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Bi Tatu, kwa sababu yeye anaisimulia habari hii kwa mbwembwe na aibu ni yangu.

Nilipomzaa Nasra moyo wangu ulichoka (ndivyo wasemavyo, umechoka, utadhani ulikuwa ukilima), ukawa hausukumi damu sawasawa, maji yanajaa miguuni mpaka kifuani. Daktari bingwa wa kliniki ya moyo akanambia chumvi basi, mimba basi, itakuua, na kila asubuhi jipime, ukiona uzito umepanda ghafla usingoje tarehe yako ya kurudi, njoo. Nijipime kwa mizani ipi? Hakusema. Kwetu Kiembe Samaki mizani hatuna, basi nikawa nnakwenda sokoni Mwanakwerekwe kwa Haji muuza vitunguu, nnapanda kwenye mizani yake ya magunia. Nyumbani nilisema nnameza dawa za presha tu. Hilo la kukatazwa mimba sikumwambia hata mume wangu, maana mama yake alishaanza kuuliza Nasra anaachishwa ziwa lini, na mke asiyezaa tena anajua kinachofuata.

Siku hiyo viatu havinitoshi, nnahema. Haji akatazama mizani, akapiga ukelele soko zima lisikie: "Shemegi! Gunia limeongezeka! Halua ya mtoto tunakula lini?"

Bi Tatu, jirani wa mama mkwe, alikuwa papo hapo anachagua nyanya. "Una kitu, mwanangu?"

Ilikuwa niseme ni maji, ni moyo, nnakwenda hospitali. Nikatazama chini, nikacheka. Basi! (Mwanamke akitazama chini akacheka, nani haelewi?) Vigelegele. Na hospitali ningekwendaje tena, ningeaga nini? Nikarudi nyumbani.

Habari imeshatangulia. Mama mkwe kashatandika busati, wanawake wameshakaa, na mbele yangu papa mkavu, chumvi kama imetiwa kwa chepe, na achari ya embe pembeni. "Kula, mwanangu, hizo ndizo hamu zako." Wote macho kwangu. Nikala. Nikaongezwa, nikala. Mama mkwe ananipapasa tumbo huku machozi ya furaha yanamtoka, na tumbo lenyewe maji matupu.

Magharibi haijaingia, pumzi hazipandi, siwezi kulala wala kusema. Wakanibeba mpaka hospitali. Tukamkuta daktari ndiyo anatoka, akanibonyeza mguu, kidole kikazama.

"Taratibu, daktari," mama mkwe akawahi, "huyu ana mimba."

Ukumbi umejaa watu. Daktari akanigeukia: "Mimba? Si nilikwambia usizae tena? Hukuwaambia?"

Mama mkwe akaniachia mkono. Nimekabwa na pumzi, lakini kilichoniuma ni ule mkono. (Na Bi Tatu alikuwepo, angekosaje?)

Maji yametolewa, nipo hai, mkitaka kuuita huu uhai. Mama mkwe ananipikia bila chumvi, anaiweka sahani mlangoni, haingii. Mume wangu haniulizi kitu, na nnasikia kuna msichana ameshatajwa. Nna hasira na daktari anayeagiza mizani asiyonipa, na Haji na mdomo wake, na wote waliopiga vigelegele, lakini kile kicheko kilikuwa changu, na nimeapa sikicheki tena.

Jana nimepanda tena mizani. Haji akanionyesha uzito kwa vidole.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Na wakikuuliza, waambie ni maji."